Paka kuishi kwa nyama ya soya: inawezekana? Na simba je?

Zawadi77

Wadau, habari za muda huu. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa, naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Niliacha nyama miaka sita iliyopita. Sikuacha kwa maradhi wala kwa dini. Nilimsindikiza mtu machinjioni, nikasimama upande ambao ng'ombe walikuwa wanasubiri zamu, na yule wa mbele akageuza shingo akanitazama. Tangu siku ile nyama hainipiti kooni. Anayekula simlaumu, kila mtu na moyo wake.

Shida ni kwamba nina paka. Anaitwa Chausiku, jike, mweusi tii, miaka minne. Kila asubuhi nafungua kopo la nyama kwa ajili yake. Juzi mwanangu wa miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia, akauliza: "Mama, kwani ng'ombe wa Chausiku yeye hana macho?" Nilikosa la kusema. Nikamwambia avae viatu tunachelewa.

Jana nikajaribu. Nilichemsha vipande vya soya, vile vinavyotafunika kama nyama, nikaviponda na kumwekea. Alinusa, akala vitatu, kisha akaanza kukwangua sakafu kuzunguka bakuli kama anayefukia kitu. Nikamrudishia kopo lake.

Ninachotaka kujua ni hiki: mwili wake unataka nyama yenyewe, au unataka vitu vilivyomo ndani ya nyama? Kama ni vitu, mbona visitengenezwe kwa njia nyingine? Na hao wengine, simba, chui, nyoka, nao wangeweza? Nimesoma mahali kwamba Marekani aliwahi kuwepo simba jike ambaye hakula nyama maisha yake yote. Ni kweli?

Nawaombeni msinigombeze. Nataka ukweli hata kama utaniuma.

Kipanga

Dada, mnyama kaumbwa ale nyama, mwache ale nyama. Tazama meno yake. Wewe umeacha kwa hiari yako, yeye hana hiari hiyo. Ukimlisha soya unamtesa ili wewe upate usingizi.

Makucha

Dada Zawadi, umeuliza vizuri, na mwanao kauliza vizuri zaidi. Nililisha simba na chui wa kutunzwa kwa miaka saba, na huu ni mwaka wa tisa namsaidia daktari wa wanyama. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Ndugu Kipanga, hofu yako naielewa, lakini hilo la "kaumbwa ale nyama" lina sehemu imekosekana. Miaka ya 1880 watoto wa simba katika bustani ya wanyama ya London walikuwa wanalishwa nyama tupu, steki ya farasi isiyo na mafuta. Wakapinda miguu, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1889 daktari mmoja, John Bland-Sutton, akaagiza wapewe mifupa iliyopondwa, maziwa na mafuta ya ini la chewa. Ndani ya miezi michache waliokuwa wanatambaa walisimama. Nyama ilikuwa inawaua! Steki tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kiduchu sana, na vitamini D karibu hakuna. Simba wa porini haanzi na steki, anaanza na tumbo: ini, moyo, mafuta, kisha nyama, na mifupa laini anaimaliza. Mimi mwenyewe nilikuwa namwagia unga wa kalisi kwenye kila pande nililomtupia chui, na siku ya ini ilikuwa na ratiba yake.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: mwili haulijui neno nyama. Unajua kalisi, unajua vitamini A, unajua protini za aina fulani. Hadi hapo upo sahihi.

Tatizo la paka ni kwamba mwili wake umeacha kutengeneza vitu ambavyo miili mingine inajitengenezea. Mababu zake walivipata tayari ndani ya mawindo kwa muda mrefu mno, na uwezo wenyewe ukafifia. Wewe ukila karoti, mwili wako unageuza ile rangi ya njano kuwa vitamini A. Mbwa naye anageuza. Paka hawezi, umpe karoti gunia zima. Kuna mafuta yanaitwa asidi arakidoni, wengi tunayatengeneza kutokana na mafuta ya mbegu. Yeye anatengeneza kidogo mno. Niasini, ile vitamini ya kundi B, hivyo hivyo. Protini nayo: ini la mbwa likiona protini imepungua linapunguza kasi ya kuichoma, ini la paka linaendelea kuchoma kama kawaida. Ndiyo maana viwango vya Marekani vinataka chakula kikavu cha mbwa aliyekomaa kiwe na protini angalau asilimia 18, na cha paka asilimia 26.

Halafu kuna taurini. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo iliyoniumiza.

Taurini ni kirutubisho kinachohitajika kwenye moyo, kwenye jicho na kwenye nyongo. Mbwa anaitengeneza mwenyewe. Paka anatengeneza tone tu, na hilo tone linaishia kwenye nyongo kwa sababu ini lake halina kitu kingine cha kuunganisha na asidi za nyongo. Kwenye mimea taurini ni kama haipo. Soya haina, dengu hazina, njegere hazina.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa paka dume wa rangi ya machungwa, mnene, manyoya yanang'aa. Mwenye paka alikuwa na moyo kama wako, dada. Kwa karibu miaka miwili alikuwa anampikia mwenyewe: soya, dengu, maboga, mafuta kidogo. Alimpikia kwa upendo kuliko wengi wanavyowapikia watoto wao. Alikuja kwa sababu paka alikuwa anaruka kwenye kiti na kukikosa. Tulipomweka mezani mboni zilikuwa zimefunguka pana na taa ya chumba ilikuwa kali. Nikapitisha kidole mbele ya jicho, hakupepesa. Nikatikisa pamba kimyakimya pembeni ya uso, hakugeuka. Lakini nilipofungua kopo nyuma ya pazia, masikio yote mawili yalielekea kule. Daktari akatazama ndani ya jicho na chombo chake, kisha akaweka kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu. Moyo ulikuwa umetanuka.

Tukampa taurini ya unga kila siku. Moyo ulirudi, baada ya miezi minne ulikuwa karibu na kawaida. Macho hayakurudi. Ugonjwa ule wa jicho ulielezwa tangu 1975, na ule wa moyo mwaka 1987, na aliyeugundua ule wa moyo, Paul Pion wa California, aliukuta kwa paka waliokuwa wanakula chakula cha dukani chenye nyama! Kukipika na kukisindika kulikuwa kunaipunguza taurini. Viwanda vikaongeza kiwango, na ugonjwa ule ukapungua sana.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo jibu lako lilipo. Taurini iligunduliwa mwaka 1827 kwenye nyongo ya ng'ombe, ndiyo maana ikapewa jina la fahali kwa Kilatini. Lakini inayotiwa kwenye vyakula vya wanyama leo haitoki kwa ng'ombe yeyote, inatengenezwa kiwandani kwa kemikali. Kopo unalomfungulia Chausiku kila asubuhi, lenye nyama na kila kitu, bila shaka limeongezwa taurini hiyo. Vitamini A inatengenezwa pia. B12 inatoka kwa bakteria. Ile asidi arakidoni inapatikana kutoka kwa kuvu. Kwa maana hiyo paka anaweza kupata kila anachokihitaji bila kuchinjwa mnyama, ilimradi kuna aliyekaa akapima kila kimoja, akakitia kwa kiwango, kisha akahakikisha kinasagika na kufyonzwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vile vipande ulivyochemsha jana havikuundwa kwa ajili yake. Vimeundwa kwa ajili ya ulimi wako.

Na kuhusu ulimi: mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni ya kuonja utamu kwa paka imekufa. Hata utie nini cha sukari, kwake ni maji. Anafuata harufu ya mafuta na protini.

Yule simba jike yupo kweli. Aliitwa Little Tyke, alilelewa jimbo la Washington na Georges na Margaret Westbeau kuanzia 1946, na habari zake zinasema alikataa nyama kabisa. Lakini alikuwa anakula nafaka zilizopikwa pamoja na maziwa na mayai. Kiini cha yai kina vitamini A iliyo tayari na kina asidi arakidoni. Alikufa 1955 akiwa na takriban miaka tisa. Simba wanaotunzwa vizuri wengi hupita 15. Mnyama mmoja hatoshi kutupa jibu upande wowote.

Fundi_Mapezi

Mkuu Makucha umetoa darasa. Nami niongeze la kwangu, kwa sababu watu wakizungumza walanyama wanawaza makucha na kusahau mapezi.

Salmoni ni mlanyama. Porini anakula uduvi na samaki wadogo. Nimefanya kazi ya kulisha samaki wa kufugwa na nimeona kwa macho yangu chakula chake kikibadilika. Norwei, ambako wanafugwa kwa wingi kuliko popote, mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha salmoni ilitoka baharini, yaani unga wa samaki na mafuta ya samaki. Kufikia 2013 ilikuwa imeshuka hadi takriban asilimia 30. Sehemu kubwa iliyobaki ni mimea: soya, ngano, mafuta ya mbegu. Hao ni mamilioni ya walanyama, na wanakua.

Ila haikuwa kazi nyepesi. Soya ya kawaida ilipotiwa kwa wingi, utumbo wa nyuma ulivimba. Nimewapasua wengi. Utumbo wa salmoni mwenye afya ukiufungua una mikunjo mirefu, imesimama kama kurasa za kitabu. Wa yule aliyelishwa soya ghafi mikunjo imefupika na kunenepa, ukiigusa ni kama kitambaa kilicholowa. Chanzo kikubwa ni saponini zilizomo kwenye soya. Dawa yake ilikuwa kuiosha soya kwa alkoholi, zile saponini zinatoka na inabaki protini safi zaidi. Kisha unaongeza methionini na lisini, vijenzi vya protini vinavyopungua kwenye mimea. Mafuta ya omega 3 ya aina iliyomo kwenye samaki sasa yanaweza kutoka kwenye mwani mdogo wa kukuzwa kwenye matangi, na huko ndiko samaki wenyewe wanayapata tangu mwanzo, kupitia wale wanaowala.

Kwa hiyo dada, "mbadala" si kitu kimoja. Soya ile ile, iliyooshwa na isiyooshwa, inatoa utumbo tofauti.

Kipanga

Sawa, nimejifunza. Hilo la watoto wa simba wa London sikulijua. Lakini bado, mkuu, samaki ni samaki. Na huko porini nani atampimia chui taurini?

Makucha

Hakuna, na wala sisemi chui wa porini aachishwe swala. Nazungumzia aliye mikononi mwa binadamu tu, ambaye hata sasa hawindi.

Na hata huyo aliye mikononi, kila mmoja ana yake. Mbwa yuko mbali sana na paka: utafiti wa 2013 ulionyesha mbwa mwitu (wolf) wana nakala 2 za jeni ya kumeng'enya wanga, mbwa wa nyumbani wana kuanzia 4 hadi 30. Panda ukoo wake ni wa walanyama na utumbo wake bado ni mfupi wa kilanyama, ila anaishi kwa mianzi, na anailipia kwa kula nusu ya siku nzima kwa sababu chakula kingi kinapita bila kusagwa. Nyoka ndiye mgumu kuliko wote, na kwake kikwazo cha kwanza ni kutambua kwamba hiki ni chakula. Anatoa ulimi, anachukua chembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo kilichopo juu ya kaakaa. Harufu isipokuwa ya windo lake, anaweza kulala njaa miezi huku chakula kiko mbele ya pua. Nimewahi kumsugulia mjusi kwenye mwili wa kitoto cha panya ili nyoka mdogo akubali kula panya. Huyo ukimpa soya hata hatageuka.

Zawadi77

Makucha, nimesoma habari ya yule paka wa rangi ya machungwa mara mbili na nimelia. Nashukuru umeniambia kabla sijafika huko. Fundi_Mapezi na wewe asante sana, na Kipanga, sijakasirika.

Sasa nifanye nini? Kuna chakula kikavu cha paka kisicho na nyama, kwenye mfuko wameandika "kamili". Niamini? Na hii nyama ya maabara ninayoisikia, ni kweli ipo au ni maneno?

Makucha

Neno "kamili" likiandikwa kihalali maana yake kimetengenezwa kufikia viwango vya virutubisho vya paka. Ni mwanzo mzuri, lakini si mwisho. Mwaka 2004 watafiti walipima vyakula viwili vya paka visivyo na mnyama, vyote viwili vikakutwa na mapungufu. Mwaka 2006 wengine wakapima damu ya paka 17 wanaokula bila nyama, na 14 taurini yao ilikuwa sawa. Mwaka 2023 ukaja utafiti wa paka 1,369 ambapo wale wachache wasiokula nyama hawakuonekana kuwa wagonjwa kuliko wengine, lakini majibu yalitoka kwa wafugaji wenyewe, na mfugaji anampenda paka wake. Yule aliyemleta paka wa rangi ya machungwa naye angejibu kwamba ana afya njema, hadi siku ile ya kiti.

Nikiwa wewe ningefanya hivi. Kabla ya kubadili chochote, mpeleke apimwe damu, taurini ikiwemo, na mkojo. Mkojo ni muhimu kwa sababu chakula cha mimea huelekea kuupunguzia asidi, na hapo fuwele zinajijenga kwenye kibofu. Chausiku ni jike, njia yake ya mkojo ni pana kidogo. Angekuwa dume ningekuwa mkali zaidi, maana dume akiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mwandikie mtengenezaji umuombe vipimo vya chakula chenyewe kilichotoka kiwandani. Usikubali orodha ya viungo peke yake. Akikataa kukupa, acha huo mfuko. Ukianza, changanya kijiko kimoja kwenye chakula chake cha zamani, uongeze polepole kwa wiki kadhaa, kisha urudie vipimo vyote baada ya miezi mitatu na baada ya sita.

Na hili nakuomba kama ndugu: asipokula, usishindane naye kwa njaa. Watu husema "akiona njaa atakula". Kwa mbwa pengine, kwa paka hapana. Paka akikaa siku chache bila kula, hasa mnene, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na ini linafeli. Siku moja kamili akisusa, mrudishie kopo lake siku hiyo hiyo bila kujilaumu. Na usijaribu haya kwa paka mwenye mimba wala kwa kitoto.

Nyama ya maabara ipo. Mwaka 2013 Mark Post alionyesha London kipande kilichokuzwa kutoka kwenye seli za ng'ombe. Singapore iliruhusu kuku wa namna hiyo kuuzwa kwa watu mwaka 2020. Uingereza mwaka 2024 iliruhusu nyama ya kuku iliyokuzwa itumike kwenye chakula cha wanyama wa nyumbani. Mimi naisubiri kwa hamu kwa sababu protini yake ni ya mnyama hasa na harufu yake paka anaitambua. Hata hiyo itabidi ipimwe taurini na iongezwe kalisi, maana seli za msuli peke yake ni ile ile steki ya London.

Mwanao mwambie ng'ombe wa Chausiku ana macho. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuibeba kweli hiyo, na anaweza pia kukusaidia kumpima uzito paka kila wiki. Kupungua uzito ni mojawapo ya dalili za mapema ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuiona bila daktari.

Zawadi77

Nimemwambia jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama Chausiku anajua. Nikamwambia sidhani.

Vipimo vya damu na mkojo ni Jumatatu. Mfuko sijaufungua, nimemwandikia mtengenezaji na nasubiri. Mizani tunayo: mtoto anapanda akiwa amembeba paka, kisha anapanda peke yake, tunatoa. Amechora jedwali kwa rangi na kulibandika kwenye mlango wa friji. Mstari wa kwanza umeandikwa kilo 3.9.

Nitarudi hapa na majibu.